Pikapu ya zamani kwa bei ndogo: namna ya kuinunua na kuifufua kidogo kidogo ukiwa Mtwara au Lindi

Mtu wa Kusini anayetaka pikapu ya kazi na mfuko wake ni mdogo, ataishia kwenye gari la miaka thelathini au zaidi. Hilo si tatizo. Hilux za dizeli zenye injini ya 2L au 3L, Nissan zenye TD27 na Mitsubishi L200 za zamani bado zinabeba korosho, mbao na maji, na fundi anayezijua hakosekani. Tatizo ni kwamba wengi hununua kwa masikio na macho. Injini ikinguruma vizuri na rangi iking'aa, mkono unaingia mfukoni. Ninachokuomba ushike ni hiki: injini iliyochoka hutengenezwa, na ikishindikana hubadilishwa, lakini chesisi iliyooza, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ni hasara ambayo hutaimaliza. Mwongozo huu wote unafuata hapo.

Jua gari lilibeba nini

Adui wa chuma ukanda huu ni chumvi. Gari lililolala miaka mingi Mikindani, Shangani au Kilwa Masoko limepigwa na upepo wa bahari usiku na mchana hata kama halikuwahi kubeba kitu. Lililobeba samaki lina hali mbaya zaidi, kwa sababu barafu inapoyeyuka maji yenye chumvi hupenya kwenye maungio ya bodi na kudondokea chesisi. Lililokuwa likisomba chumvi yenyewe kutoka mashambani liache, hata upewe kwa bei ya kutupa.

Kuna mzigo mwingine ambao wanunuzi wengi hawaufikirii, nao ni salfa. Wakulima wa korosho wanapoanza kupulizia mikorosho wakati wa kiangazi, pikapu ndizo zinazopeleka mifuko shambani, na unga hubaki kwenye pembe za bodi na chini ya mkeka. Ukikaa hapo na kupata unyevu, taratibu hutengeneza asidi, na asidi hiyo hula bati. Gari la shamba si lazima liwe bovu, ila uliza kama lilikuwa linaoshwa msimu wa salfa ukiisha.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa muuzaji liwe: "Mzee, gari hili limefanya kazi gani, na limelala wapi?" Kilomita za gari la umri huu hazikuambii kitu. Mara nyingi mita yenyewe imeshakufa. Pikapu iliyoishi Masasi, Nachingwea au Liwale, mbali na pwani, inafaa kufuatwa hata kama nauli ya kwenda kuiona itakuuma.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, na mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, limeshawashwa ili kukuficha ubishi wake wa asubuhi, basi subiri lipoe au rudi siku nyingine. Vaa nguo za kuchafuka na beba tochi, nyundo ndogo, bisibisi bapa na kipande cha kadibodi cha kulalia.

Lala chini ya gari kabla hujafungua boneti. Anza nyuma. Gonga chesisi kwa nyundo, pigo fupi fupi, ukisogea mbele kila sentimita kumi hivi. Chuma kizima hutoa mlio mkali na nyundo huruka mkononi. Kilichooza hutoa sauti butu, nyundo hukaa, na vipande vya kutu vinadondoka usoni. Ukipata sehemu hiyo, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikizama, umemaliza kazi ya siku hiyo, shukuru uende zako. Sehemu zinazooza mapema ni pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vikombe vinavyoshika springi, na nyuma ya kebini ambako matope hujaa ndani ya chuma na kukaa na unyevu mwaka mzima.

Ogopa rangi nyeusi mpya upande wa chini. Mtu hapaki lami chini ya gari la miaka thelathini wiki moja kabla ya kuliuza bila sababu. Ikwangue kidogo kwa bisibisi. Ukikuta bati limechomelewa juu ya bati, hasa mshono uliokata chesisi wima kutoka juu hadi chini, chesisi hiyo iliwahi kuvunjika.

Ukiridhika na chini, panda juu. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi na uangalie maji: yakiwa na rangi ya kutu hesabu gharama ya rejeta, na yakiwa na mafuta yanayoelea hesabu gharama ya silinda hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda za injini. Chomoa kijiti cha oili, na oili ikiwa nyeupe kama maziwa usiendelee. Kisha mwambie mtu awashe huku wewe ukitazama mdomo wa rejeta. Mapovu yasiyokoma yanaonyesha kuwa mgandamizo wa silinda unavuja kuingia kwenye maji, yaani gasketi imeungua au hedi ina ufa. Injini za 2L na 3L ni ngumu sana kwa kazi, lakini zikichemka mara moja vibaya hedi hupasuka.

Moshi nao unasema. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, au nozeli na pampu zinahitaji fundi. Wa bluu ni oili inayoungua, na hapo ringi au sili za valvu zimechoka. Mweupe wa dakika chache asubuhi ni wa kawaida kwa dizeli ya zamani, ila usipokwisha gari likipata moto, rudi kwenye suala la hedi. Fungua pia kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma. Moshi ukitoka kwa kusukuma, injini inapumua na ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuitengeneza upya, haiko mbali. Hilo lisikukimbize chesisi ikiwa nzima. Litumie kushusha bei.

Mwisho liendeshe, na utafute mlima. Mtwara mjini ni tambarare, na karibu kila gari hupendeza kwenye tambarare. Ukiwa upande wa Newala au Tandahimba, kilima kinachopanda uwanda wa Makonde kitakuambia ukweli kuhusu klachi na rejeta kuliko maneno ya dalali yeyote.

Aina gani? Chukua ile ambayo spea zake ziko kwenye maduka ya mji wako. Kwa wengi hiyo ni Hilux. TD27 ya Nissan ina sifa moja kubwa, taimingi yake, yaani kinachofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, inaendeshwa na gia, hakuna mkanda wa kukatika. L200 zenye injini ya 4D56 zina mikanda miwili, na mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye mkubwa na kuumaliza.

Karatasi

Kabla ya fedha kutoka, shika kadi halisi ya gari mkononi. Namba ya chesisi iliyo kwenye kadi iwe ndiyo iliyogongwa kwenye chuma, namba ya injini vivyo hivyo, na jina liwe la mtu aliye mbele yako mwenye kitambulisho cha NIDA. Angalia madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari. Andikeni mkataba mbele ya wakili, kisha mhamishe umiliki TRA mapema, wote wawili mkiwa na TIN. Injini ikiwa imebadilishwa bila kuandikishwa, muuzaji alimalize hilo kwanza yeye. Kuendesha kwa kadi ya mtu mwingine miaka na miaka ni kujitafutia kesi, hasa mwenye jina akifariki na warithi wakaja.

Na fedha zako usizimalize hapo. Ukiwa na tatu, nunua kwa mbili, moja ibaki ya matengenezo. Anayenunua kwa senti ya mwisho hulipaki gari uani, na gari lililopaki pwani linaoza kuliko linalotembea.

Breki kwanza, kabla ya mzigo wa kwanza

Watu huanza na injini kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Anza na kinachosimamisha. Gunia 12 za korosho za kilo 80 ni karibu tani nzima, na tani hiyo haijali kama unafanya matengenezo kidogo kidogo.

Kanyaga pedali ya breki gari likiwa limesimama, ushikilie dakika nzima kwa nguvu ileile. Ikizama taratibu hadi chini na huoni oili ikivuja popote, masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, inavuja kwa ndani. Fuatilia paipu za chuma za breki kando ya chesisi kwa vidole, urefu wote. Zile zilizofunikwa na kutu yenye magamba zibadilishwe, maana hupasuka siku ukikanyaga kwa nguvu, na hiyo ndiyo siku unayozihitaji. Mipira ya breki ya magurudumuni ikiwa na nyufa nayo itoke. Fungua dramu za nyuma uone kama silinda zinalia oili na brekishuu zimebaki nyama kiasi gani.

Kwenye Hilux nyingi kuna valvu ndogo juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayopanda na kushuka na mzigo. Kazi yake ni kupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma gari likiwa limejaa na kuipunguza likiwa tupu. Huku pwani valvu hiyo hukwama kwa kutu, na mafundi wengi huifunga au kuiruka. Ilainishe, au utafute nzima. Ikikwama upande mmoja, gari tupu litateleza nyuma kwenye mvua. Ikikwama upande wa pili, gari lililojaa litasimama kwa breki za mbele peke yake.

Oili ya breki ya zamani imwage yote. Huvuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ina maji mengi. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja kwenye pedali, mwingine chini ameshika spana kwenye nipeli na mpira mwembamba uliozama ndani ya chupa yenye oili. "Pampu!" Anapampu mara kadhaa. "Shika!" Anakanyaga na kubaki hapo. Wewe unafungua robo mzunguko, mapovu yanatoka, unafunga, ndipo unasema "Achia!" Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi na mnaanza upya. Anza na gurudumu la nyuma kushoto, ambalo liko mbali zaidi na masta silinda, umalizie la mbele kulia, na kikombe cha oili juu kisikauke hata mara moja.

Ukiwa chini huko, usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake wala matofali ya simenti. Nunua stendi za chuma, au tumia magogo mapana.

Usukani unafuata na hauchukui muda. Mtu atikise usukani kulia na kushoto, wewe ushike bolijointi na ncha za tai rodi moja moja. Inayocheza mkononi ibadilishe. Pampu grisi kila nipeli hadi ya zamani itoke nje, pamoja na krosi za propela, na beringi za magurudumu ya mbele zifunguliwe zioshwe, maana mchanga wa huku hufika kila mahali. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri likiwa la miaka kumi na zaidi, litoe.

Maji ya rejeta

Hapa ndipo pikapu nyingi za Kusini zinapofia. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au chumvi, na dereva aliyekwama hujaza anayoyapata. Chumvi hiyo hula hedi ya aluminiamu na kuziba mirija ya rejeta. Tumia kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa kama chupa inavyoelekeza. Kama huna, tumia maji ya mvua uliyoyakinga baada ya bati kusafishika, na ndani ya gari uweke dumu la maji hayohayo ili usije ukaomba ya kisimani njiani.

Toa maji ya zamani, suuza hadi yatoke meupe, na rejeta iliyoziba ipeleke kwa fundi aifungue na kuzibua mirija. Mpira wa maji unaobonyea kirahisi ukiwa wa moto umechoka. Kifuniko cha rejeta badilisha bila kujiuliza, bei yake ni ndogo na kikishindwa kushika presha maji huchemka mapema.

Fundi akikuambia themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, haina kazi nchi za joto, mkatalie kwa heshima. Kwenye injini nyingi za dizeli za Toyota, themostati ina sahani ya pili ambayo gari likipata moto huziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kupoa. Gari litaonekana sawa mjini, lichemke likipanda na mzigo. Weka nzima, ijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka.

Injini na umeme

Hujui historia ya mkanda wa taimingi, basi uhesabu kuwa haujawahi kubadilishwa. Toyota walipanga ubadilishwe kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi ipo kwa ajili hiyo. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Badilisha mkanda na beringi zake pamoja, na sili za oili zilizo nyuma ya kava wakati huohuo.

Baada ya hapo badilisha oili ya 15W-40 ya dizeli na chujio lake kila kilomita 5,000, mwaga maji kwenye chujio la dizeli mara kwa mara, na safisha chujio la hewa kila ukitoka barabara ya vumbi. Ukifanya haya miezi kadhaa, unaweza kugundua kuwa ovahoo uliyoihofia inaweza kusubiri msimu mwingine wa korosho. Oili ya gia boksi na ya difu nayo imwage, maana huenda ina maji.

Kwenye umeme, anza na waya wa ethi kutoka betri hadi chesisi na hadi injini. Ufungue, ukwangue hadi chuma king'ae, ufunge, upake grisi. Matatizo mengi ya stata na taa huishia hapo. Gari likiwaka, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye betri, ikipungua alteneta ina kasoro. Likisumbua asubuhi, pima hita plagi, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha, moja moja kabla hujalaumu pampu.

Spea zikikosekana mjini, watu huagiza Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, na kifurushi kinakuja na basi. Tuma picha ya kifaa cha zamani na namba ya chesisi, usitume jina tu. Na usingoje kiishe ndipo uagize. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya kutoka Dar es Salaam eneo la Somanga, na mabasi na malori yakakwama siku kadhaa. Mkanda wa feni, mpira wa juu wa rejeta na chujio la dizeli viwe ndani ya gari siku zote.

Kutu

Kazi ya kutu ifanye kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekwisha na mnada wa korosho haujaanza. Chagua sehemu moja kwa wakati: mwezi huu chesisi ya nyuma, mwezi ujao sakafu ya kebini.

Zibua kwanza matundu ya kutolea maji chini ya milango na kwenye chesisi, na toa matope yote ndani ya chuma kwa maji baridi yenye presha. Acha likauke siku mbili za jua. Kwangua kutu kwa brashi ya waya hadi ufike kwenye chuma, paka dawa ya kutu, kisha redi oksaidi, ile rangi ya msingi ya kuzuia kutu, mikono miwili, kisha rangi ya juu. Ndani ya chesisi, ambako brashi haifiki, pulizia grisi iliyolainishwa.

Oili chafu ya injini ambayo wengi hupaka chini ya gari inasaidia kwa muda, ila inanasa mchanga unaokaa na unyevu, na inalainisha bushi za mpira hadi zinaharibika. Kwenye breki isifike kabisa.

Kama kuna mahali pa kuchomelea, ondoa waya wa betri kwanza, na tangi la dizeli likiwa karibu lishushwe. Bati jipya liwe na unene wa chesisi yenyewe, na ncha zake zikatwe mshazari ili mshono usikate chesisi wima. Fundi akitaka kuziba tundu kwa bati jembamba na puti, tafuta mwingine.

Ukishatoka pwani na mzigo wa samaki, osha bodi na chini kwa maji baridi siku hiyohiyo. Ukibeba salfa, ifagie ikiwa kavu kabla ya kumwaga maji.

Rangi

Rangi ije mwisho, kila kilicho chini kikiwa tayari. Iliyopakwa mapema itakwanguliwa na mafundi wengine, na kutu iliyofunikwa itaitoboa ndani ya mwaka. Ukibaki na rangi ileile ya mwanzo umejirahisishia. Ukibadilisha, rudi TRA ibadilishwe kwenye kadi, na umjulishe wakala wa bima, kwa sababu trafiki atakayekusimamisha Mingoyo atalinganisha gari na karatasi uliyomkabidhi.